Mahali pa Jina la Murhula

Asubuhi ile nilikuwa ninampima kiuno msichana wa komunyo ya kwanza, naye alikuwa anacheka kwa sababu utepe ulimtekenya.

"Simama vizuri, mutoto, la sivyo utaenda kanisani na robe inayomufaa bibi yako."

Akacheka zaidi. Nyumba yetu ya mbao ilikuwa juu mlimani, katika mtaa wa Kadutu. Ukifungua mlango unaona mabati ya majirani yakishuka mlima, moja chini ya jingine, na mwisho wake ziwa. Mashini ya kushona nilikuwa nimeiweka mlangoni nipate mwanga. Ilikuwa ya maman. Alipokufa niliacha shule, nikiwa katika mwaka wa kwanza wa orientation, yaani mwanzo wa sekondari, nikakaa kwenye kiti chake, na tangu hapo mashini hiyo ndiyo iliyotulisha.

Tulikuwa wanne. Papa alikuwa ametangulia. Shimo la dhahabu lilimwangukia kule Luhwindja. Mimi ndimi wa kwanza. Jina langu ni Nsimire, lakini nyumbani hakuna aliyeniita hivyo, waliniita Yaya, yaani dada mkubwa. Wa pili alikuwa Murhula. Mimi nilipotoka shuleni yeye alibaki, na mwaka ule alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa mwisho wa sekondari. Nilimwona akisoma, nikasema moyoni kwamba sikuacha shule bure. Wa tatu alikuwa Faida, aliyekuwa anauza mandazi mbele ya kambi ya askari. Pale alijifunza Lingala, akaijua kuliko sisi sote. Alisema askari ukimdai kwa Kiswahili anajifanya hasikii, ukimdai kwa Lingala anaona haya. Wa mwisho alikuwa Noella, aliyezaliwa Krismasi, na ambaye hakuwakumbuka papa wala maman.

Jioni kabla ya kula tulisali rozari. Mwishoni yalikuja majina. Maman ndiye aliyetuzoesha hivyo: kwanza unataja walio mbali, kisha unataja waliotutangulia. Walio mbali walikuwa shangazi yetu wa Bunyakiri na baba mdogo aliyekwenda Lubumbashi na kunyamaza huko. Waliotutangulia walikuwa papa na maman. Kazi ya kutaja majina ilikuwa ya Faida kwa sababu sauti yake ilikuwa safi. Murhula alimtania kwamba anayataja haraka haraka mandazi yasipoe.

Ninaandika hili la majina mapema kwa sababu kila kitu kilichofuata kiliishia hapo.

Habari za vita zilikuwa zinapanda kutoka upande wa Uvira. Watu wa bondeni walifika na magodoro kichwani, wakasema waasi wanakuja, wengine wakasema ni jeshi la nchi jirani, wengine wakasema ni wote pamoja. Redio ilisema jeshi letu la Zaïre limeshika njia zote. Sisi tuliliona jeshi letu kila siku. Lilikuwa halijalipwa. Lilianza kuchukua kuku, kisha redio, kisha magodoro, na tukaelewa kwamba askari anayekusanya magodoro hana mpango wa kukaa kupigana.

Walifika kwetu watatu, mchana. Mmoja alikuwa na pengo la meno mawili ya mbele. Huyo ndiye aliyezungumza, na huyo ndiye aliyecheka. Waliangalia chumba, wakaona hakuna kitu, wakaona mashini.

Nilisimama mbele yake. Mwenye pengo alinisogeza kwa mkono mmoja, bila hasira, kama mtu anayesogeza pazia.

"Iko nzito hii," akasema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Petit! Beba. Tutakufanya tailleur wa bataillon."

Murhula aliinuka kutoka kwenye madaftari yake, akamtazama. "Chef, nitaanza na bouton ya shati yako. Kitovu kinaonekana mpaka Kinshasa."

Wale wawili wengine waliangua kicheko, na mwenye pengo akacheka nao, akajishika tumbo. Nilipoona wanacheka, moyo wangu ulitulia kidogo. Nilifikiri mtu aliyecheka nawe hawezi kukufanyia ubaya mkubwa.

Murhula aliinamisha mashini, akaifunga kwa kamba ya kitenge changu, akaiweka begani. Mlangoni aliniambia kwa Mashi, lugha yetu, ili wasielewe, kwamba nisilie, kwamba watu hawa hawajui hata kuishika, wataivunja. Kisha akasema kwa Kiswahili, kwa sauti, kama vile anakwenda dukani:

"Yaya, nikiifikisha nitarudi nayo."

Walishuka kwa ngazi za udongo. Niliona mashini ikishuka kati ya mabati, nyeusi, inang'aa, mpaka ilipoingia nyuma ya ukuta.

Jioni ile Faida alimtaja Murhula kwa mara ya kwanza. Alimweka kwa walio mbali, baada ya baba mdogo wa Lubumbashi. Sauti yake haikutetemeka. Noella aliuliza, "Mbali ni wapi?" Watu walisema askari wanaelekea Kavumu, na kutoka hapo barabara ya Bunyakiri mpaka Hombo, na kwamba wanawatumia vijana kubeba mizigo mpaka wachoke.

Siku zilizofuata mabomu yalianza kutoka ng'ambo ya mto Ruzizi. Mtu huyasikia mara mbili, yanapotoka na yanapofika. Katikati kuna nafasi ya kusema neno moja la sala.

Shirika letu, yaani zile familia chache za mtaa tunaosali pamoja, liliombwa kusaidia parokiani, kwa sababu ukumbi ulikuwa umejaa majeruhi. Nilikwenda na Faida na Noella. Sikuwa na mashini tena, lakini mikasi nilikuwa nayo, nikakaa ninakata mashuka kuwa bandeji. Padri wetu alikuwa Mzungu mzee, watu walimwita Padri Kandevu. Alikuwa amekaa kwetu tangu kabla nchi haijaitwa Zaïre. Alijua Kiswahili, alijua Mashi kuliko vijana wetu, lakini Lingala hakuijua. Alikuwa akisema ni lugha ya watu wanaopita.

Walileta askari juu ya mlango uliong'olewa. Alikuwa amepigwa risasi tumboni. Waliomleta walisema walimkuta chini kwenye njia ya uwanja wa ndege wa Kavumu, amejikokota kurudi mjini, peke yake. Nilimletea bandeji. Alipofungua kinywa kuomba maji niliona pengo.

Nilipiga magoti karibu naye.

"Mudogo wangu iko wapi? Ule wa mashini?"

Alinitazama. Nadhani alinikumbuka. Nilirudia kwa Lingala yangu ndogo, nikaita jina la Murhula, nikafanya kwa mikono kama mtu anayezungusha gurudumu la mashini. Macho yake yaliniacha, yakaenda kwenye msalaba ukutani.

"Sango," akasema. "Benga sango."

Hata mimi nilijua maana yake. Alikuwa anaomba padri.

Faida alifika akikimbia na kikombe. Alianza kumwuliza mara moja kwa Lingala, maneno mengi, lakini Padri Kandevu alikuwa ameshasimama nyuma yetu. Aliona tumbo la yule mtu, akaona rangi ya uso wake.

"Faida, mwanangu, acha kwanza. Hana muda. Anataka kuungama?"

"Ndiyo, mon père. Lakini ule mutu alibeba Murhula. Ni yeye."

"Nimesikia. Ataungama kwanza. Baada ya hapo, kama bado ana nguvu, utamuuliza unalotaka. Sasa mimi simwelewi, naye hanielewi. Kuna anayejua Lingala hapa?"

Hakuna aliyejibu. Walikuwepo waliojua ya nyimbo, ya kuagiza bia. Faida alinitazama mimi. Nami nikamwambia, "Nenda."

Nilimwambia nenda kwa sababu nilitaka sana sikio letu moja liwe ndani ya kile chumba.

Walimhamishia sakristiani ili wengine wasisikie. Padri alivaa stola. Kabla hawajaanza nilimsikia akimwambia Faida, mlangoni, polepole, kama anavyofundisha watoto katekisimu:

"Utakuwa mdomo wangu na sikio langu. Utakayoyasikia si yako, na si yangu pia. Ukivuka mlango huu kutoka, ni kama hukusikia. Si kwa dada yako, si kwa polisi, si kwangu mimi mwenyewe kesho. Siri hiyo imenifunga mimi, na imekufunga wewe vilevile. Unakubali?"

Faida alikuwa na miaka kumi na sita. Alisema, "Nakubali."

Mvua ilianza. Nilisimama uani chini ya mchirizi wa bati, Noella ameshika sketi yangu. Mlango ulikuwa wazi nusu. Niliona mgongo wa Padri, niliona Faida amepiga magoti katikati yao, kichwa kikienda upande mmoja, kisha upande mwingine. Mvua juu ya mabati ilimeza kila neno.

Nilimwona Faida akinyamaza.

Padri aligusa bega lake. Akaendelea.

Kisha mkono wa Padri ukainuka na kufanya ishara ya msalaba, na nikajua wamemaliza. Ndipo Faida alipomwinamia yule askari na kusema naye kwa muda mrefu, peke yake, akimshika uso kwa mikono miwili. Midomo ya askari haikucheza tena. Faida alipotoka, Padri alikuwa ameshamfunika yule askari.

Nilimshika Faida mabega yote mawili.

"Alisema nini?"

Alinitazama kama mtu anayetazama kutoka mbali sana.

"Yaya," akasema, "usiniulize."

"Murhula iko muzima?"

Nilimtikisa. Noella akaanza kulia, nami nikamwachia.

Nilimfuata Padri kwenye pipa la maji, alipokuwa ananawa damu. Sikuwa mtu wa kubishana na mapadri, lakini siku ile nilibishana.

"Mon père, mufungue mutoto aseme. Ni ndugu yetu."

"Siwezi kumfungua, Nsimire."

"Ni weye ulimufunga."

"Si mimi." Alifuta mikono kwenye kanzu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Sikiliza. Ukiona jirani yako ameanguka, unanyamaza, maana si vizuri kumtangaza. Lakini kunyamaza kwako kukiua mtu, unasema. Hata ahadi ya siri, hata siri ya daktari, ikifika mahali pa kuokoa maisha, kuna njia ya kuifungua. Kanisa si jinga. Ila hii moja, hapana. Hii haina ufunguo. Aliyekuwa na ruhusa ya kuifungua ni yeye aliyeungama, na amekufa."

"Basi aniambie jambo moja. Kama ule mutu hakusema kitu juu ya Murhula, aniambie tu, hakusema kitu. Hapo hakuna siri, si njo hivyo?"

Nilidhani nimempata. Nilikuwa nimelifikiria hilo nikiwa bado mvuani.

Padri alikaa juu ya ukingo wa pipa. Alionekana mzee ghafla.

"Nalo hilo hawezi," akasema. "Leo Faida akikuambia, hakusema kitu juu ya ndugu yako, wewe utalala. Kesho anakuja mama mwingine, mwanawe amechukuliwa na askari walewale. Anauliza. Faida ananyamaza. Yule mama ataelewa nini?"

Nilitazama maji mekundu yaliyokuwa yanamwagika kwenye udongo.

"Ataelewa kwamba kuna kitu. Kwa hiyo Faida lazima anyamaze kwa wote, wakati kuna kitu na wakati hakuna. Akiulizwa anaweza kusema sijui, na si uongo, maana hana analolijua la kuwaambia watu. Lakini hata uso wake usiseme. Hata machozi yake. Namhurumia kuliko ninavyokuhurumia wewe."

Niliondoka bila kuaga.

Tulipofika nyumbani jirani yetu, Mama Cizungu, alikuwa anafunga mizigo. Alikuwa na sufuria kichwani na mtoto mgongoni.

"Nsimire! Munangoja nini? Banakuya! Wamevuka Ruzizi. Sisi tunaenda Lwiro, na kama Lwiro haifai, Bunyakiri. Beba batoto!"

"Nangoja Murhula. Akirudi, akute mlango umefungwa?"

"Murhula ana miguu. Atakufuata. Kufa haina miguu, inakungojea hapa hapa."

Niliingia ndani. Faida alikuwa amekaa kwenye kiti cha mashini, mbele ya mahali palipobaki patupu. Nilichuchumaa mbele yake ili nione uso wake. Nilizungumza polepole.

"Sikuulizi alisema nini. Nakuuliza jambo lingine. Tuende ao tungoje? Kama kuna wa kungojea, tungoje. Kama hakuna, tuende na Mama Cizungu sasa hivi, tumuokoe Noella. Sema tu moja. Tuende, ao tungoje."

Alifunga macho. Midomo yake ilikuwa imekauka, imepasuka.

"Yaya, weye njo mukubwa. Amua. Mimi nitakufuata."

"Kwa hiyo hujui?"

"Sijui."

Nilikumbuka neno la Padri kuhusu sijui, na neno hilo likawa halina kitu ndani. Nililigeuza upande huu na upande ule. Angekuwa amesikia kwamba Murhula amekufa, angesema sijui. Angekuwa amesikia kwamba Murhula ametoroka na yuko njiani kuja, angesema sijui. Angekuwa hakusikia lolote, angesema sijui.

Mama Cizungu aliita tena kutoka nje. Kisha hakuita tena.

Niliamua tungoje.

Asubuhi risasi zilianza chini, karibu na soko, zikapanda.

Tulilala chini ya kitanda. Mbao za ukuta wetu zilikuwa nyembamba.

Nilimweka Noella katikati, kati yangu na Faida. Nilifikiri katikati ndipo salama.

Zilipita juu. Zilipita pembeni. Sauti ya mbao ikipasuka ni ndogo, kama kijiti.

Noella alisema, "Yaya, maji."

Nilidhani ana kiu. Niliposogeza mkono nikakuta sakafu imelowa.

Risasi ilikuwa imeingia kwa mbao za upande wangu, ikapita juu ya mgongo wangu bila kunigusa. Mimi niliyemkinga sikupata hata mkwaruzo.

Hakulia. Alimtazama Faida, kisha alitazama mbao za kitanda juu yake.

Kitambaa cha robe ya yule msichana wa komunyo kilikuwa bado kimekunjwa kwenye sanduku. Nilikishona kwa mkono kumvika Noella. Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye shamba la ndizi la Mama Cizungu, mimi na Faida, na mkatekista aliyekuja ameinama kando ya kuta. Waasi walikuwa wameshaingia mjini. Walikuwa vijana wenye mabuti ya mpira. Mmoja alisimama, akatuona na jembe, akavua kofia, akaenda zake.

Tuliporudi ndani nilimgeukia Faida. Maneno yalikuwa yamengoja tangu pipani.

"Noella amekufa ju tulingoja."

"Najua tulingoja."

"Ule mutu alituchukulia mashini. Alituchukulia Murhula. Na weye unamutunzia siri! Mutu wa hivyo!"

Faida alikuwa bado na udongo mikononi. Alijibu taratibu, na ndiyo mara pekee katika maisha yetu alipojitetea.

"Yaya, njo mutu wa hivyo anayeungama. Alikuwa mbali na kwao, hakuwa na mutu. Alisema ju aliamini haitatoka. Sasa amebaki na sisi wawili tu, mimi na mon père. Nikimuuza, nani atamutunza?"

Nilimchukia kwa muda. Siwezi kusema muda gani. Nilipika, nikampa chakula, nikamtafutia maji ya kunawa, na nilimchukia.

Jioni ile tulisali, kwa sababu hatukujua kufanya kitu kingine. Yalipofika majina, Faida alinyamaza. Nilikuwa ninasikiliza. Nilielewa kwamba sasa atalazimika kumweka Murhula mahali fulani, na kwamba nitajua. Alisema, "Yaya, taja weye." Nikakataa. Kazi ni yako, nikamwambia. Niliona kwamba ananielewa vizuri kabisa.

Akavuta pumzi. Kwa walio mbali akataja shangazi, akataja baba mdogo, akamtaja Murhula. Kwa waliotutangulia akataja papa, maman, Noella. Sauti yake ilikuwa ileile ya jioni ya kwanza, safi, haikupanda wala haikushuka.

Nilisikiliza jioni ya pili, na ya baadaye, na miaka iliyofuata.

Zaïre ikabadilishwa jina. Mama Cizungu alirudi kutoka msituni na nusu ya watoto aliokwenda nao. Alikaa mlangoni kwangu, akaniambia, "Ulifanya vizuri kubaki." Nikamwambia kwamba Noella yuko chini ya ndizi zake. Sasa, mtu akiniuliza kama tungeondoka tungepona, ninamkumbuka Mama Cizungu amekaa pale, na siwezi kusema ndiyo. Siwezi pia kusema hapana. Uzito huo ninao, na hauna upande wa kuushikia.

Barabara ilipofunguka nilikwenda Kavumu, nikaenda mpaka Lwiro, ninauliza. Karibu na Lwiro mwanamke mmoja alinikaribisha kwake ninywe maji, na chini ya dirisha lake niliona mashini ya maman. Bado ilikuwa na kipande cha kitenge changu kwenye mguu. Aliikuta mtaroni, akasema, hakuna mtu karibu yake, hakuna damu, ilikuwa imewekwa tu pale imesimama, kama mtu aliyeituliza apumzike. Hakuomba chochote. Alinisaidia hata kuifunga.

Nilipoifikisha nyumbani sikumwambia Faida mapema. Niliiweka mezani, nikasimama mahali ninapoweza kuona uso wake. Najua nilichokuwa ninafanya. Aliingia, akaiona. Aliweka beseni la mandazi chini. Alizunguka mashini polepole, akagusa gurudumu, likakwama.

"Inataka mafuta," akasema.

Akaleta mafuta na kitambaa, akakaa akaisafisha mpaka giza likaingia, kila skrubu. Kisha tukasali, akamtaja Murhula kwa walio mbali.

Padri Kandevu alizeeka, akarudishwa kwao, akafia huko. Kabla ya kuondoka alikuja kuniaga. Hakutaja siku ile, wala mimi. Aliuliza tu, "Faida anaendelea kusali?" Nikasema ndiyo. Akashika mlango wetu wa mbao kwa muda, pale ambapo matundu yalikuwa yamezibwa na vipande vya kopo, akashuka.

Faida aliolewa, akawa mjane, akarudi kwangu. Wakati fulani walioniposa mimi walisema nyumba ile ina mtu anayengojwa, haiwezi kuingiwa na mwingine. Hawakukosea. Mtu asiyejulikana kama amekufa hafanyiwi matanga. Nguo zake hazigawiwi. Kitanda chake kinabaki. Nilitandika kitanda cha Murhula kila asubuhi, na Faida alitandika nami upande wa pili, akivuta shuka linyooke. Sikuwahi kujua kama tunatandika kitanda cha mtu aliye hai au cha maiti, lakini mikono yake haikuonyesha tofauti yoyote.

Mwaka jana aliugua kifua. Siku za mwisho alizungumza Lingala wakati wa homa. Majirani waliniita: njoo usikie, anasema mambo. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa ninaielewa Lingala vya kutosha sasa. Miaka ilikuwa imenifundisha. Nilijua kwamba nikiingia ninaweza kusikia kile nilichokosa kwa sababu ya mvua.

Niliwatoa majirani wote, nikafunga mlango, nikaingia. Nilikaa karibu naye, nikaanza kusali rozari kwa sauti kubwa, juu ya sauti yake, mpaka homa iliposhuka na akanyamaza.

Alipopata akili alinitazama.

"Nilisema nini?"

"Sijui," nikamwambia.

Alishika mkono wangu. Hakuuachia mpaka alfajiri alipouachia.

Shirika lilikuja kuzika. Jioni, watu walipoondoka, nilibaki na mashini, kitanda kile, na kiti chake. Nilisali peke yangu. Yalipofika majina hapakuwa na mtu wa kuyataja ila mimi. Sasa hakuna duniani anayejua, na hakuna atakayenikosoa nikimweka huku au kule.

Faida nilimtaja kwa waliotutangulia, baada ya papa, maman na Noella. Murhula nilimwacha pale dada yake alipomweka.